Aliyelinda Lango Naye Asikie

Mji wetu wa Kampala ni mji wa mikutano. Tangu Julai 1975, wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walipokusanyika katika jumba lililojengwa kwa ajili yao, kando ya hoteli ya Nile Mansions ambayo leo ni Serena, wageni wa heshima hawajaacha kutujia. Novemba 2007 walifika wakuu wa Jumuiya ya Madola. Oktoba 2009 Umoja wa Afrika ulikutana hapa kuzungumza habari za wakimbizi. Kuanzia 31 Mei hadi 11 Juni 2010 wajumbe wa nchi wanachama wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai walikaa Munyonyo kuupitia upya Mkataba wa Roma. Julai ya mwaka uo huo ukafuata mkutano wa wakuu wa Umoja wa Afrika, siku chache tu baada ya mabomu ya 11 Julai kuua watu zaidi ya 70 Kyadondo na Kabalagala. Januari 2024 walikuja wakuu wa Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote katika mkutano wao wa 19, na kabla viti havijapoa wakaingia wale wa Kundi la Nchi 77 na China.

Katika mikutano yote hiyo liko jambo moja ambalo halikubadilika. Askari alisimama nje. Aliamka kabla ya alfajiri, akapanga magari, akatazama chini ya kila gari kwa kioo, akalinganisha sura ya kila mjumbe na picha iliyo kifuani pake, akavumilia mvua ya asubuhi na jua la mchana. Kikao kilipoanza mlango ulifungwa, naye akabaki upande wa pili. Jioni, akirudi kambini na miguu imevimba, aliisikia redio ikitaja nani amewasili, nani amepokewa na nani uwanjani Entebbe, na nani amefungua mkutano kwa hotuba. Yaliyosemwa ndani hakuyapata, na kwa sehemu kubwa hajayapata hata leo.

Sisi tunaona kwamba jambo hili halifai kuendelea. Vikao vya wazi vya mikutano inayofanyika nchini mwetu hunaswa sauti na picha. Vyombo viko, mafundi wako, na intaneti iko. Yafaa iwe ni kanuni, wala si hisani ya mwandalizi huyu au yule, kwamba baada ya mkutano kwisha rekodi za vikao hivyo ziwekwe kwenye mtandao, zikiwa kamili, kwa namna ambayo askari aliyeko Moroto au Bundibugyo anaweza kuzipata, kuzisikia na kuzielewa. Wala hatusemi hivyo kwa sababu ya starehe. Mengi yaliyoamuliwa Kampala yanamgusa mtu mwenye bunduki kuliko yanavyomgusa mtu mwingine yeyote.

Tuanze na Oktoba 2009. Tarehe 23 ya mwezi huo Umoja wa Afrika ulipitisha hapa mkataba wa kuwalinda na kuwasaidia wakimbizi wa ndani, yaani watu waliofukuzwa makwao lakini hawakuvuka mpaka. Dunia nzima inauita Mkataba wa Kampala. Uganda ilikuwa nchi ya kwanza kuuridhia, Januari 2010, nao ukaanza kutumika tarehe 6 Desemba 2012. Ulikuwa mkataba wa kwanza wa bara zima wenye kuzifunga nchi kisheria katika suala hilo. Hakuna haja ya kuwaeleza askari wetu wakimbizi wa ndani ni nani. Wengi wao waliwalinda. Mwaka 2005, vita vya waasi wa LRA vilipokuwa vimeenea Kaskazini, watu wapatao milioni 1.8 walikuwa wakiishi katika kambi, na wapo maofisa na askari wa vyeo vya chini ambao ujana wao wote ulikwisha katika kuzizunguka kambi hizo usiku.

Sasa mkataba huo unasema nini kwa askari? Unakataza kuwahamisha raia kiholela wakati wa vita. Lakini unaacha mlango mmoja: raia wanaweza kuhamishwa ikiwa usalama wao wenyewe unadai hivyo, au ikiwa ziko sababu za kijeshi zisizoepukika, na yote yafanywe kwa kufuata sheria za vita. Maneno hayo, sababu za kijeshi zisizoepukika, ni machache, lakini ndani yake mna maisha ya vijiji vizima. Kamanda wa kikosi anayeambiwa akiondoe kijiji kabla ya jua kuchwa anahitaji kujua mlango huo una upana gani. Mkataba unazitaka nchi pia zihakikishe kwamba mtu binafsi anayefanya kosa la kuwahamisha watu kiholela anawajibishwa yeye mwenyewe. Si Serikali peke yake, wala si jeshi kwa jumla, bali ni mtu mwenye jina na nambari yake.

Maandishi ya mkataba yanapatikana. Lakini kila aliyewahi kukaa katika mkutano anajua kwamba maandishi ni mifupa. Nyama iko katika mazungumzo: nani aliuliza swali, nani alitoa mfano wa nchi yake, nani alisema kwamba anakubali lakini kwa maana hii na si ile. Askari anayesikia mabishano hayo huielewa sheria kama mtu aliyekuwepo ilipozaliwa. Anayepewa karatasi peke yake huisoma kama amri iliyotoka mbali, na amri isiyoeleweka chanzo chake hufuatwa bila moyo au haifuatwi kabisa.

Mkutano wa 2010 wa Munyonyo unatupa mfano ulio wazi zaidi. Wengi wanakumbuka kwamba siku moja kabla ya kufunguliwa kwake kulichezwa mpira Namboole, na Rais Museveni pamoja na Ban Ki-moon, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, wakaingia uwanjani na watu walioathiriwa na vita. Ilikuwa picha nzuri na magazeti yaliipenda. Lakini kazi yenyewe ilikuwa ndani ya ukumbi, na matunda yake ni mawili ambayo kila askari angepaswa kuyajua kama anavyojua namba ya bunduki yake.

La kwanza ni juu ya risasi. Mkutano ulipitisha kwamba kutumia sumu, gesi za sumu, na risasi zinazopanuka au kubonyea ndani ya mwili wa binadamu ni kosa la kivita hata katika vita vya ndani ya nchi. Kabla ya hapo Mkataba wa Roma ulikuwa umeyataja makosa hayo katika vita kati ya nchi na nchi tu. Utangulizi wa azimio hilo unaeleza kwamba kosa hutimia pale tu anayetumia risasi hizo anapozitumia kuongeza mateso bila faida. Hili ni jambo la askari mpigaji mwenyewe, kuruta na koplo, na ni jambo la polisi pia, kwa maana maswali ya risasi za polisi na risasi za vita hukaribiana sana mtu anapokuwa na silaha mkononi mtaani.

La pili ni kosa la uchokozi, yaani nchi kuivamia nchi nyingine kwa silaha kinyume cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Usiku wa siku ya mwisho, wajumbe walikubaliana bila kupiga kura juu ya maana ya kosa hilo, na Mahakama ikapewa uwezo wa kulishughulikia kuanzia 17 Julai 2018. Hapa ndipo uvumi unapopata chakula. Askari asiyejua kilichosemwa anaweza kuambiwa na mtu yeyote, kilabuni au kwenye simu, kwamba Kampala ilitunga sheria ya kumfunga kila mwanajeshi anayevuka mpaka. Si kweli. Kosa hilo limefungwa kwa wakubwa: mtu mwenye madaraka halisi ya kuongoza au kuelekeza mambo ya siasa au ya kijeshi ya nchi. Kuruta aliyepandishwa lori na kupelekwa mpakani hashitakiwi kwa uchokozi. Anaweza kushitakiwa kwa anayoyatenda huko, na hilo ni jambo jingine, tena ni jambo zito, kwa sababu kusema kwamba nilitii amri hakumsaidii mtu ikiwa amri yenyewe ilikuwa haramu waziwazi.

Yafaa tukiri kwamba mabishano mengi ya majuma yale mawili yalifanyika katika vyumba vya faragha, ambamo hakuna rekodi ya kuwekwa hadharani. Ndivyo mikutano ilivyo. Lakini vikao vya wazi navyo vilikuwa na uzito wake. Baada ya azimio kupita, wajumbe walisimama kueleza misimamo yao. Japani, kwa mfano, ilieleza mashaka yake makubwa juu ya maandishi yale, na hata hivyo haikuyazuia. Marekani, ambayo si mwanachama wa Mahakama, ilihudhuria ikiwa mtazamaji na ikatoa maoni yake. Mambo kama hayo humfundisha msikilizaji jinsi nchi zinavyopatana, na kwamba sheria haianguki kutoka mbinguni. Ofisa kijana wa Kimaka au Bwebajja angejifunza mengi katika saa moja ya kusikiliza kikao hicho.

Lipo jambo jingine ambalo halikuwa na nguvu miaka hamsini iliyopita kama lilivyo leo. Zamani uvumi ulisafiri kwa miguu. Leo mtu hukata nusu dakika ya hotuba, akaiondoa kichwa na mkia, akaituma kwenye WhatsApp, na kabla ya chakula cha jioni kambi nzima imeisikia. Waziri aliyesema, "Hatutawaongezea askari posho mpaka tumelipa kwanza malimbikizo yao," anasikika akisema tu, "Hatutawaongezea askari posho." Tena zimekuja programu za akili mnemba zinazoweza kutengeneza sauti ya mtu ambaye hakusema neno lolote. Katika jeshi na polisi hadaa ya namna hiyo si mchezo; yaweza kuvunja nidhamu ya kikosi kwa usiku mmoja. Dawa yake si kukanusha tu. Kukanusha bila ushahidi ni neno dhidi ya neno. Dawa ni rekodi nzima, yenye tarehe na saa, iliyowekwa na wenye mkutano wenyewe mahali panapojulikana, ili kamisaa wa siasa aweze kusema: hiki hapa kikao, tusikilize pamoja kuanzia mwanzo.

Kwa mintarafu hiyo tunasisitiza neno kamili. Wako waandalizi ambao mkutano ukiisha hutoa filamu fupi ya dakika tatu, yenye muziki, bendera zikipepea na wajumbe wakicheka kwenye chai. Filamu hiyo ni tangazo. Hatuikatai, lakini isihesabiwe kuwa ni kumbukumbu ya mkutano.

Tumetaja kuelewa, na hapo hatuna budi kuzungumzia lugha. Jeshi na polisi ndimo Kiswahili kilimojenga nyumba yake hapa Uganda, tangu enzi za King's African Rifles iliyoundwa mwaka 1902. Askari wa kutoka Arua, Kitgum, Mbarara na Mbale hukutana katika lugha hiyo kwenye gwaride, katika doria na penye sufuria ya posho. Taifa nalo limeanza kuwafuata askari wake: Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kwamba uamuzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa kukifanya lugha rasmi utekelezwe. Katika Umoja wa Afrika, Rais Joaquim Chissano wa Msumbiji aliwashangaza wajumbe wa Addis Ababa mwaka 2004 alipowahutubia kwa Kiswahili. Februari 2022 lugha hiyo ikakubaliwa kuwa lugha ya kazi ya Umoja huo. Na katika Mahakama ya The Hague, ingawa lugha zake rasmi ni Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi, mashahidi kutoka Kongo wametoa ushahidi kwa Kiswahili na wakasikika.

Hata hivyo kuna hasara inayotokea kimyakimya katika kumbi nyingi. Mkalimani hukaa katika kibanda chake, anafasiri kwa jasho mchana kutwa, sauti yake inaingia katika visikilizio vya wajumbe, kisha inapotea. Kinachonaswa mara nyingi ni sauti ya msemaji wa asili peke yake. Kumbe ni jambo dogo la kifundi kunasa kila njia ya sauti kwa upande wake: ya Kiingereza, ya Kifaransa, ya Kiarabu na ya Kiswahili. Kazi ya mkalimani imekwisha kulipwa. Kuiacha ipotee ni sawa na kuchimba kisima, watu wakanywa siku tano, kisha mkakifukia. Mkutano wowote wa Umoja wa Afrika au wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unaofanyika Kampala na wenye wakalimani wa Kiswahili usiondoke bila kutuachia sauti zao. Na pale ambapo hawakuwapo, muhtasari wa Kiswahili wa kurasa chache kwa kila kikao si mzigo wa kulishinda taifa lenye vyuo vikuu.

Wako watakaosema kwamba askari hana fedha za kutazama video kwenye simu. Hoja hiyo ina ukweli, na haifai kupuuzwa. Intaneti inalipiwa. Sheria ya mwaka 2021 iliweka ushuru wa asilimia 12 juu ya data badala ya ile kodi ya shilingi 200 kwa siku iliyoanza mwaka 2018. Lakini tazama hesabu. Saa moja ya picha za kiwango cha wastani yaweza kula megabaiti 450. Saa iyo hiyo, ikiwa ni sauti tupu iliyobanwa vizuri kwa ajili ya mazungumzo, yaenea katika megabaiti 15 hivi. Ni tofauti ya thelathini kwa moja. Kwa nini basi rekodi za mikutano ziwekwe kwa picha peke yake, kana kwamba kila Mwafrika ana waya wa intaneti nyumbani? Uso wa mjumbe anayesoma karatasi hauongezi sana katika maana ya karatasi hiyo. Sauti ipakiwe peke yake, iruhusiwe kupakuliwa na kuhamishwa kutoka simu hadi simu, na kando yake iwekwe orodha ya dakika: fulani anaanza kusema hapa, swali la Somalia liko hapa, kura iko hapa. Asiye na orodha hiyo atasikiliza saa sita akitafuta maneno ya dakika nne, naye atakata tamaa mapema.

Tunakumbusha pia kwamba sheria hiyo ya 2021 iliiacha nje ya ushuru data inayotumika kutoa huduma za tiba na za elimu. Kikao cha kufundisha sheria za vita, kinachosikilizwa na askari wanaojitayarisha Singo kwenda Somalia, ni elimu au si elimu? Tunalitupa swali hilo mezani kwa wenye mamlaka ya kodi, tukijua kwamba wao si watu wa kujibu harakaharaka.

Zaidi ya hayo, si lazima kila askari apakue mwenyewe. Kambi ina ofisi, chuo kina maktaba, kituo kikuu cha polisi cha wilaya kina kompyuta. Mtu mmoja akizipakua rekodi mara moja na kuzitia katika kadi ya simu au kijiti cha kumbukumbu, vikosi kumi vinaweza kuzisikiliza bila kulipa tena hata senti. Askari wetu wa Mogadishu, ambao wenzao wa kwanza walifika huko Machi 2007, wamekuwa wakipelekeana muziki na mechi za mpira kwa njia hiyo bila kufundishwa na mtu.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wakuu wa vikosi watatuuliza, nao wana haki ya kuuliza: je, siri? Jibu letu ni fupi. Tunazungumzia vikao vya wazi. Katiba ya 1995, katika ibara yake ya 41, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, isipokuwa pale ambapo kuzitoa kutadhuru usalama wa nchi, uhuru wake, au faragha ya mtu mwingine. Na sheria ya 2005 ya kupata habari imeweka utaratibu. Kikao cha kupanga mapigano si kikao cha wazi, na hakuna mwenye akili anayetaka kiwekwe mtandaoni. Hata Mahakama ya The Hague, inapoonyesha mashauri yake, huyachelewesha kwa dakika 30 ili neno la siri likiponyoka lipate kukatwa kabla halijatoka. Vivyo hivyo yafaa wasemaji waambiwe tangu mwanzo kwamba kikao kinanaswa na kitawekwa hadharani, na shahidi au mhanga anayeogopa aachwe asionyeshwe sura. Kinachotakiwa ni kuamua kabla ya mkutano, kwa maandishi, ni vikao gani vya wazi na vipi si vya wazi. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba hakuna aliyeamua, na kwa kuwa hakuna aliyeamua, sanduku zima linafungwa, hotuba ya ufunguzi pamoja na siri. Hiyo si tahadhari bali ni uvivu uliovaa magwanda ya usalama.

Iko pia hatari ya kinyume chake, nayo ni kusahau. Tovuti ya mkutano hutengenezwa kwa mbwembwe, huishi miezi michache, kisha ada yake ya mwaka haikulipwa, ikafa. Aliyeandika anwani yake katika daftari hukuta ukurasa mtupu. Nchi yetu ina funzo lake katika hilo. Mwaka 2015, watumishi wa Shirika la Utangazaji la Uganda walikuta kabati lenye filamu hasi za picha zipatazo 70,000, nyingi zikiwa za miaka ya utawala wa Idi Amin, zilizopigwa na wapiga picha wa Serikali. Miaka mingi zilikuwa zimelala humo. Wataalamu wakaanza kuzigeuza kuwa za kidijitali, na mwaka 2019 baadhi yake zikaonyeshwa katika Jumba la Makumbusho ya Uganda, watu wakaona kwa mara ya kwanza nyuso na shughuli za wakati ule. Kilichoziokoa kazi hizo zisiwe picha bubu ni kitu kidogo sana: bahasha zilizoandikwa tarehe na tukio. Karani asiyejulikana, katika miaka migumu, aliandika lebo. Leo tuna mashine zinazoweza kubeba mikutano ya karne nzima mfukoni, na faili tunaziita "video ya mwisho" na "video ya mwisho kabisa".

Kwa hiyo basi, rekodi zisitegemee tovuti ya mkutano wala ukurasa wa YouTube peke yake. Nakala moja ikae katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka hapa Wandegeya, ikiwa na lebo yake, na nakala nyingine ipelekwe katika vyuo vya Kimaka, Kabamba, Masindi na Bwebajja. Bunge letu limeweka Hansard kwa vizazi. Hatuoni ajabu mwananchi akitaka kujua mbunge alisema nini miaka ishirini iliyopita. Mkutano wa kimataifa unaotugharimu fedha, unaofunga barabara zetu na kuwanyima usingizi maelfu ya askari haustahili kumbukumbu iliyo pungufu ya hiyo.

Wazee wanaokumbuka 1975 wanajua kumbukumbu ya mkutano yaweza kuwa na thamani gani. Tarehe 29 Julai mwaka huo Jenerali Yakubu Gowon wa Nigeria alikuwa hapa Kampala mkutanoni, na huko Lagos Serikali yake ikapinduliwa. Aliyelinda lango siku ile anaweza kusimulia jinsi magari yalivyoanza kwenda mbio na jinsi maofisa walivyonong'onezana. Lakini masimulizi ya lango ni masimulizi ya lango. Kila mwaka wasimuliaji hupungua, na kila msimuliaji ana toleo lake.

Tunajua pia kwamba jambo hili likitakiwa huwezekana, maana limekwisha fanyika. Shauri la Dominic Ongwen lilipofunguliwa The Hague tarehe 6 Desemba 2016, wananchi wa Kaskazini, wakiwamo wale wa Lukodi, walikusanyika mbele ya vioo vikubwa wakaona na kusikia, na tafsiri ya Kiacholi ilikuwapo. Watu waliochomewa nyumba walisikia mashtaka yakisomwa kwa lugha ya mama zao, kutoka mahali palipo maelfu ya maili. Septemba 2025, mashtaka dhidi ya Joseph Kony yalipojadiliwa hukohuko bila yeye kuwapo, vikao vilionekana tena. Ikiwa mkulima wa Lukodi anaweza kusikia kikao cha The Hague, haielekei kabisa kwamba koplo wa Makindye ashindwe kusikia kikao cha Munyonyo, ambacho kiko umbali wa safari ya pikipiki.

Tunaiomba Serikali iandike sharti hili katika mapatano ya uenyeji wa kila mkutano ujao: rekodi za vikao vya wazi zitolewe kamili katika siku 30, sauti peke yake na picha peke yake, lugha zote zilizofasiriwa, na orodha ya dakika. Gharama yake iwe katika makisio ya mkutano tangu mwanzo, pamoja na ile ya maua, maji ya chupa na mifuko ya wajumbe. Kwa mikutano iliyokwisha pita, tungeanza na vikao vya Oktoba 2009 na vya Juni 2010, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyomgusa askari kazini mwake kila siku.

Na wakuu wa vikosi wasisubiri. Umoja wa Mataifa ulifungua mwaka 2008 maktaba ya sauti na picha ya sheria za kimataifa, iliyo huru kwa mtu yeyote bila malipo, na vikao vya Mahakama ya The Hague viko kwenye mtandao. Ofisa mmoja anayejua Kiingereza na Kiswahili, spika moja, na saa moja ya Jumatano alasiri baada ya gwaride vinatosha kwa kuanzia.